Uvundo wa Mtoni na Mvuke wa Olkaria

Wiki iliyopita, baada ya kugusia kidogo biashara ya kaboni katika mazungumzo haya, nilipata ujumbe kutoka kwa wasikilizaji watatu, na wote waliuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: kinachouzwa hapo hasa ni kitu gani? Mmoja, mkazi wa Buguruni, aliuliza kwa ukali kidogo. Alisema mahindi anayajua, dhahabu anaijua, lakini hajapata kuona mtu amebeba kaboni begani anaipeleka sokoni. Simlaumu. Mimi mwenyewe nililiuliza swali hilo mwaka 2007, nikiwa mwandishi chipukizi, nimesimama juu ya dampo la Mtoni hapa Dar es Salaam, kinasa sauti mkono mmoja na leso puani.

Wakongwe wa jiji hili wanaikumbuka safari ndefu ya taka zetu. Zilikuwa Tabata, wakazi wakachoka na moshi, wakaenda mahakamani, na Jiji likaamriwa liondoke. Zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Pale Mtoni zikaachwa nyuma tani na tani za maganda, mifupa, matambara na kila kilichotupwa na jiji, vimelaliana, vinaoza chini kwa chini pasipo hewa. Taka zikioza namna hiyo hutoa gesi iitwayo methani. Gesi hiyo ikipanda angani hushika joto kuliko hewa ya ukaa, yaani ile kaboni dioksidi inayotoka kwenye bomba la gari au kwenye moto wa kuni. Kwa hesabu iliyotumika wakati ule, tani moja ya methani ilichukuliwa kuwa sawa na tani 21 za hewa ya ukaa.

Basi, Jiji kwa kushirikiana na kampuni ya Kiitaliano likaandaa mradi wa kutoboa visima ndani ya taka, kuvuta gesi kwa mabomba, na kuichoma. Mradi uliandikishwa Umoja wa Mataifa mwaka huo huo wa 2007, ukawa wa kwanza wa aina yake Tanzania. Kila tani iliyozuiwa isiende angani ingepewa cheti, na cheti kingenunuliwa na tajiri wa Ulaya ambaye kiwanda chake kimezidisha moshi kuliko alivyoruhusiwa. Hiyo ndiyo bidhaa, ndugu yangu wa Buguruni. Hauuzi kaboni. Unauza hati inayosema kwamba kaboni fulani haikutoka.

Nilijaribu kulieleza hilo kwa mama mmoja aliyekuwa akichambua chupa kwenye mteremko wa dampo. Alisikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono kwenye khanga, akasema, "Mwanangu, kumbe hata uvundo una mnunuzi? Sasa sisi tuliolala nao miaka yote hii, fungu letu lipi?"

Sauti yake niliirusha hewani. Jibu sikuwa nalo. Lakini swali lake lilikuwa na nusu ya pili ambayo hakuitamka, na mimi nilichelewa sana kuiona: mnunuzi akishachukua hati yake na kuondoka, nyuma anatuachia ujuzi gani? Angalia hesabu yenyewe. Kuichoma tu methani kwenye bomba la moshi kulikuwa kunapata karibu vyeti vyote. Kuitumia methani hiyo hiyo kuendesha mashine na kufua umeme kungeongeza vyeti vichache, na kungedai fedha nyingi na mafundi waliosomea. Mpango wa umeme ulikuwemo katika maandishi. Lakini soko halikuwa na haraka nao, na tangu siku ile sijakutana na mkazi wa Mtoni aliyeniambia kuwa taa ya sebuleni kwake inawaka kwa gesi ya dampo.

Haya hayakuwa makubaliano ya awali. Ndiyo maana leo nataka turudi nyuma.

Mwezi Juni 1992 wakuu wa dunia walikutana Rio de Janeiro, Brazil, wakatia saini mkataba wa kulinda hali ya hewa. Ndani yake nchi tajiri zilikubali kwamba zitachukua kila hatua inayowezekana kuendeleza, kurahisisha na kugharimia uhamishaji wa teknolojia safi kwenda nchi zinazoendelea. Kipo pia kifungu kinachosema wazi kuwa kiasi ambacho nchi maskini zitatimiza wajibu wao kitategemea kiasi ambacho nchi tajiri zitatimiza wa kwao, katika fedha na katika teknolojia. Kwa lugha ya mtaani: nipe nyenzo, nami nitalima.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na sababu ya kuyasoma maneno hayo kwa uangalifu, maana tulishaletewa teknolojia. Nani asiyekikumbuka kiwanda cha viatu cha Morogoro? Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikiwa na mashine za kisasa, ili kiuze viatu Ulaya. Viatu hivyo Ulaya haikuviona. Mashine zilifika, jengo likasimama, lakini ujuzi wa kuziendesha, kuzitengeneza zinapoharibika na kulijua soko haukufika pamoja na makontena. Kwa hiyo Mtanzania anaposikia neno teknolojia inahamishwa, anayo haki ya kuuliza nini hasa kinachohama.

Miaka mitano baada ya Rio, mwezi Desemba 1997, mataifa yakakutana Kyoto, Japani, ili zile ahadi zipewe tarakimu. Mwaka ule Tanzania ndiyo iliyokuwa mwenyekiti wa kundi la nchi zinazoendelea, lile linaloitwa Kundi la 77, na aliyezungumza kwa niaba ya kundi hilo pamoja na China alikuwa Profesa Mark Mwandosya, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu mazungumzo yale. Jambo hili tunalisahau. Tunapozungumzia Kyoto tunazungumza kana kwamba sisi tulikuwa watazamaji, kumbe mtu wetu alikuwa mezani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo historia ilipopinda. Miezi kadhaa kabla ya Kyoto, Brazil ilikuwa imependekeza mfuko. Nchi tajiri ikishindwa kupunguza gesi zake kama ilivyoahidi, ilipe dola 10 za Marekani kwa kila tani ya kaboni iliyozidisha, na fedha hizo ziende kwenye nchi zinazoendelea zikanunulie teknolojia safi na kujiandaa na madhara. Ilikuwa faini. Ukivunja ahadi unalipa, na aliyeumizwa ndiye anayenufaika. Nchi zinazoendelea zikaunga mkono.

Marekani haikutaka kusikia neno faini. Ilichotaka ni soko: ruhusa ya kununua upunguzaji mahali popote duniani unakopatikana kwa bei ya chini. Nchi zinazoendelea zilikuwa zimelikwepa jambo hilo kwa miaka; kule Berlin mwaka 1995 zilikubali majaribio tu, tena bila vyeti kutolewa. Ndani ya Kyoto, Brazil na Marekani zikakaa na kulifinyanga upya lile pendekezo, na lilipotoka chumbani halikuwa faini tena. Mfuko ukawa utaratibu wa soko, ulioitwa Utaratibu wa Maendeleo Safi. Tajiri halipi tena kwa sababu ameshindwa. Analipa ili ahesabiwe kuwa amefaulu. Wengine waliliita jambo hilo mshangao wa Kyoto, na kweli lilishangaza.

Mimi si miongoni mwa wanaosema tulidanganywa. Waliokuwa mezani walijua wanachokifanya, na bila lile soko huenda itifaki nzima isingepatikana. Lakini ni vema tukijua kilichobadilishwa. Faini ingeleta fedha za kununulia teknolojia tuliyoichagua sisi. Soko lilileta mnunuzi wa tani, na mnunuzi wa tani, kama mnunuzi yeyote, anatafuta bei ya chini.

Kichekesho ni kwamba yule aliyelilazimisha soko hakubaki sokoni. Baraza la Seneti la Marekani lilikuwa limeshapitisha azimio mwezi Julai 1997, kura 95 kwa sifuri, kupinga mkataba wowote ambao hauzifungi nchi zinazoendelea, na mwaka 2001 Rais George W. Bush akaitupa Itifaki ya Kyoto moja kwa moja. Ikabaki Ulaya, ambayo mwanzoni haikulipenda soko, kuwa mnunuzi mkuu. Soko lake la ndani lilifunguliwa Januari 2005, itifaki ikaanza kufanya kazi Februari mwaka huo huo, na vyeti vikaanza kutembea.

Vikatembea kwenda wapi? Twende kwa fundi wa viyoyozi wa Kariakoo. Muulize gesi ya viyoyozi vya zamani inaitwaje, atakuambia R22. Kiwandani R22 inapotengenezwa, hutoka pamoja nayo kimabaki kiitwacho HFC-23, ambacho kikiachiwa angani ni balaa: tani moja ilihesabiwa kuwa sawa na tani 11,700 za hewa ya ukaa. Kukiteketeza ni kazi rahisi, unafunga tanuri maalumu mwishoni mwa bomba, basi. Wafanyabiashara wakapiga hesabu. Tanuri moja, vyeti mamilioni.

Viwanda 19 tu, 11 kati ya hivyo vikiwa China na vilivyobaki India, Korea ya Kusini, Mexico na Argentina, vikachukua sehemu kubwa ya vyeti vyote vya miaka ya mwanzo. Mwaka 2007 msomi wa Marekani, Michael Wara, aliandika katika jarida la Nature kwamba vyeti hivyo vingewagharimu wanunuzi kiasi cha yuro bilioni 4.7, wakati gharama halisi ya kuteketeza mabaki yale isingefika yuro milioni 100. Akaonyesha pia kuwa mwenye kiwanda angeweza kupata kwenye vyeti karibu mara mbili ya anachopata kwa kuuza gesi ya majokofu yenyewe. Yaani taka ikawa ndiyo bidhaa, na bidhaa ikawa kisingizio cha kupata taka. Mwaka 2010 wanaharakati wa Ulaya wakachapisha takwimu zilizoonyesha kuwa baadhi ya viwanda vilitoa mabaki mengi wakati vinalipwa na kidogo wakati havilipwi. Ulaya ikavikataa vyeti vya namna hiyo mwaka 2013, wenyewe wakiwa wameshavuna.

Na teknolojia? Tanuri ni tanuri. Ukishalifunga, hakuna mwanafunzi anayejifunza kitu kipya hapo.

Lakini nisiwatendee Wachina udhalimu, kwa sababu wao ndio walioichezea karata hii kwa akili kuliko sote. Serikali yao iliweka sheria kwamba mradi wa vyeti lazima Wachina wawe na angalau asilimia 51. Mapato ya vyeti vya HFC-23 yalikatwa asilimia 65, yakaingia katika mfuko wa taifa wa maendeleo safi. Angalia sasa: faini ambayo Brazil iliikosa Kyoto, Beijing iliitoza nyumbani kwake kama kodi. Na upande wa upepo, kuanzia mwaka 2005 hadi 2009 mashamba ya mitambo ya upepo yalitakiwa kutumia vifaa vilivyotengenezwa China kwa asilimia 70. Kampuni ya Goldwind ya kule Xinjiang, ambayo ilianza kwa kununua leseni za Wajerumani, mwaka 2008 iliinunua asilimia 70 ya kampuni moja ya Ujerumani iliyokuwa ikiisanifia mitambo, Vensys. Aliyekuwa mwanafunzi akamnunua mwalimu. Mashamba yale ya upepo yaliuza vyeti, ndiyo, mamia yao. Ila ujuzi haukuletwa na cheti. Uliletwa na sharti.

Afrika tulikuwa wapi? Miradi iliyoandikishwa duniani kote ilipita 7,000. Katika kila mia, Afrika hatukufikia mitano. Sababu hazihitaji darubini. Hatukuwa na viwanda vingi vya kusafisha, na asiyechafua sana hana kikubwa cha kupunguza. Kuandaa makaratasi kuligharimu maelfu mengi ya dola kabla hujaona senti. Wakaguzi waliopewa idhini ya kuzihakiki tani wengi wao walikuwa makampuni ya Ulaya na Japani, wanaokuja kwa ndege na kuondoka kwa ndege. Hata kipimo, ndugu msomaji, kilikuwa ni ujuzi wa kuagiza.

Halafu Ulaya ikatukumbuka. Ikatangaza kuwa baada ya mwaka 2012, miradi mipya itakayopokewa katika soko lake ni ya nchi maskini kabisa peke yake, Tanzania ikiwemo. Mlango ukafunguliwa kwa upana. Tatizo ni kwamba cheti kilichokuwa kikiuzwa zaidi ya yuro 20 katikati ya mwaka 2008, mwishoni mwa mwaka 2012 kilikuwa hakifiki yuro moja. Uchumi wa Ulaya ulikuwa umetetereka, viwanda vimepunguza kazi, vyeti vimejaa ghalani. Tulialikwa karamuni vyombo vikioshwa.

Sasa naomba tuvuke mpaka, kwa sababu iko sehemu moja jirani yetu ambako teknolojia ilihamia kweli, na namna ilivyohamia inafundisha zaidi kuliko hayo yote niliyosimulia.

Ukitoka Nairobi ukashuka Bonde la Ufa hadi Naivasha, kisha ukapinda kuelekea Lango la Jehanamu, utaanza kusikia harufu ya yai viza. Nako kuna uvundo wake. Ni Olkaria, ambako mvuke unatoka tumboni mwa ardhi. Nilifika huko mara moja kwa kazi. Kilichonishangaza hakikuwa harufu, ni sauti: kisima kinapofunguliwa kupimwa, mngurumo wake unausikia kifuani kabla ya masikioni, na kinasa sauti changu kilishindwa kabisa kuunasa, kikatoa mkwaruzo mtupu.

Visima viwili vya kwanza vilianza kuchimbwa mwaka 1956, enzi ya mkoloni. Havikuleta matumaini, kazi ikaachwa, umeme ukatafutwa kwenye maporomoko ya mto Tana. Miaka ya sabini, mafuta yalipopanda bei, Kenya ikarudi pale kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981 mashine ya kwanza ya megawati 15 ikawashwa, na kufikia mwaka 1985 zilikuwa megawati 45. Ndicho kituo kikubwa cha kwanza cha umeme wa mvuke barani Afrika. Kumbuka miaka hiyo: mkataba wa Rio haujaandikwa, na neno soko la kaboni halijatungwa.

Lakini jambo la maana zaidi lilitokea mbali, katika kisiwa cha baridi. Mwaka 1979 Iceland, nchi yenye watu wachache kuliko Temeke, ilifungua jijini Reykjavik mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Mtu alikwenda akiwa tayari mhandisi au mjiolojia, akarudi anajua kusoma mawe yanayopanda na tope la kuchimbia, kupima joto la kisima, kukadiria mvuke utadumu miaka mingapi. Wakenya wakapelekwa, mwaka baada ya mwaka, hadi wakawa wengi kuliko wanafunzi wa taifa lolote jingine. Tangu mwaka 2005 kozi fupi zikaanza kutolewa Kenya kwenyewe, na Waafrika wengine, Watanzania wakiwemo, wakawa wanasomea hapo jirani.

Baada ya mwaka 1985 ikapita miaka 18 bila kituo kipya kikubwa cha serikali. Wafadhili walibana, siasa zikavuruga, ukame ukakausha mabwawa na Nairobi ikakaa gizani. Kituo cha pili, Olkaria II, kikaja mwaka 2003. Hapa ndipo ninapopenda kutua. Katika miaka yote hiyo ya kiangazi cha fedha, wale waliosoma hawakusahau walichosoma. Mashine ukiiacha miaka 18 bila kazi ni chuma chakavu. Mtu aliyefundishwa anafundisha mwingine. Fedha zilipopatikana, walikuwepo wa kuzipokea, na kuanzia hapo Olkaria ikakimbia: mashine ya tatu ya Olkaria II mwaka 2010, Olkaria IV mwaka 2014, Olkaria V mwaka 2019. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za mvuke, na karibu nusu ya umeme wake unatoka humo.

Je, soko la kaboni lilikuwa na mkono? Lilikuwa nao. Ile mashine ya tatu ya mwaka 2010, megawati 35, iliandikishwa kuuza vyeti, Benki ya Dunia ikiwa mnunuzi kupitia mfuko wake wa kaboni, na miradi mingine ya hapo ikafuata. Fedha ya halali, na ilisaidia. Lakini piga hesabu ya miaka: kuanzia kisima cha kwanza hadi cheti cha kwanza ni zaidi ya nusu karne. Cheti kilimkuta fundi yuko kazini. Hakikumleta.

Wala nisiipambe Olkaria kupita kiasi. Mashine kubwa za kufua umeme bado zinaagizwa kutoka nje, nyingi Japani. Alichokimiliki Mkenya ni ujuzi wa ardhi, si wa kiwanda. Na mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, zikalalamika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na uchunguzi ukakuta kasoro katika jinsi walivyohamishwa, kiasi cha kulazimu usuluhishi. Umeme safi nao una watu wanaoulalia uvundo wake. Yule mama wa Mtoni angewaelewa.

Hata hivyo mwaka 2019 kampuni ya umeme ya Kenya ilipata kandarasi ya kuchimba visima vya mvuke Ethiopia, na mwaka 2021 ikapata nyingine Djibouti. Mwafrika anamchimbia Mwafrika, kwa ujuzi uliopita Reykjavik ukaota mizizi Naivasha. Sijui kama kuna uhamishaji wa teknolojia ulio wazi kuliko huo.

Kwetu Tanzania lipo Bonde la Ufa lile lile, na Ngozi kule Mbeya lina joto lake. Kampuni yetu ya umma ya jotoardhi iliundwa mwaka 2013. Nikihesabu toka Kenya walipoanza kupeleka vijana wao Iceland, tuko nyuma kwa kizazi kizima, na hilo halisababishwi na uhaba wa mvuke.

Nayasema haya sasa kwa sababu soko limerudi. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 uliliweka katika kifungu chake cha sita, kanuni zikakubaliwa Glasgow mwaka 2021 na kukamilishwa Baku mwezi Novemba 2024. Sisi tulitunga kanuni zetu za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wageni wenye mikoba wanabisha hodi, safari hii wakitafuta zaidi misitu kuliko madampo. Yapo mazuri: vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimelipwa mabilioni ya shilingi kwa kutunza misitu yao, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Fungu ambalo mama wa Mtoni aliliulizia, hapo limeonekana.

Imebaki ile nusu ya pili. Mti unapimwa kwa utepe, kwa setilaiti na kwa hesabu ndefu, na bei ya tani inasimama juu ya kipimo hicho. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la msitu ndilo hilo. Serikali ya Beijing iliandika masharti yake kabla mnunuzi hajafika. Kenya ilipeleka watu shule kabla ya mnunuzi kuzaliwa. Mikataba inayosainiwa wilayani nimeanza kuiomba niisome, na ninapoipata huruka haraka ukurasa wa tani na ukurasa wa fedha, nikatafuta mahali palipoandikwa ni vijana wangapi wa hapo watafundishwa, wafundishwe nini, na nani atabaki na vifaa mkataba ukiisha.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitakuwa Katavi. Kinasa sauti kile cha Mtoni kilishakufa siku nyingi, nina kingine. Nitakaowatafuta kwanza ni wale vijana wanaoshika utepe msituni, niwaulize vipimo wanavyochukua asubuhi vinahesabiwa wapi jioni, na kama wameshapata kuiona hesabu hiyo ikifika mwisho.